Watu Watatu Juu ya Paa

Kuna watu ambao wakinyamaza, nyumba nzima inauliza kama wanaumwa. Kipaza alikuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa na mama yake utotoni, kwa sababu siri ya jikoni ikimfikia yeye, jirani wa tatu ameshaipata. Alipokuwa mwanamke mzima wakamkabidhi kipaza sauti cha kweli, kwenye kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofani juu ya duka la vyuma, na tangu siku hiyo wakubwa wa mji hawakulala vizuri. Alisema nani anauza viwanja vya umma. Alisema kwa nini taa za stendi zimekufa na nani alizing'oa. Na alikuwa na sharti lake moja, alilolirudia kila asubuhi mpaka watoto wa mji wakalikariri: "Kwenye meza hii hakuna 'inasemekana'. Unajua, sema. Hujui, nyamaza."

Sharti zuri, nani atabisha? Lakini mtu akijifunga kamba hadharani, adui yake naye anajua ncha iko wapi.

Wafanyabiashara wa soko walimwomba agombee uenyekiti wa halmashauri, naye akakubali hata chai haijapoa. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa ameketi uso kwa uso na yule ambaye Kipaza alitaka kumng'oa, mwenyekiti mwenyewe, kwenye mdahalo hewani. Vinyozi walikuwa wamezima mashine zao ili wasikie. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, mzee mpole mwenye njiti ya kiberiti mdomoni, anayesikia kila kitu na kutosema chochote.

Jambo lililokuwa mezani ni wodi mpya ya wazazi, iliyokuwa ifunguliwe Jumamosi. Kipaza alijua kwamba paa lake la zege ni bovu. Alijua kwa sababu msimamizi wa mafundi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Siku chache kabla, shemeji alikuja kumtengenezea bawaba ya mlango. Alimaliza kazi, haondoki, amekaa tu na bisibisi mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Kisha akatapika yote. Nondo zimewekwa chache, zimeachana kama meno ya mtoto. Zege limemwagwa mvua inanyesha, likageuka uji. Vibarua walikimbia kujikinga, juu ya paa wakabaki watu watatu: yeye, mkandarasi, na mwenyekiti aliyekuja kuharakisha kazi.

"Nilitaka kusimamisha, shemeji, nikafokewa kama mtoto," alisema. "Nina watoto wa kulisha, nikanywea. Lakini wanawake watalala chini ya kitu kile na vichanga vyao. Silali."

"Nitasema," Kipaza akamjibu.

"Sema. Habari ya nondo na mvua kibarua yeyote angeweza kukuletea, na vibarua ni wengi. Ila yaliyosemwa juu ya paa usiyaguse. Ukiyagusa umenitaja mimi."

Kipaza akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Na aliapa kwa moyo wote, tusimsingizie.

Sasa kwenye mdahalo alianza vizuri tu. Alimwambia mwenyekiti kwamba nondo zimepungua, zege limenyeshewa, na wodi isifunguliwe mpaka wapimaji kutoka nje ya mji walikague paa. Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya tumbo, ametulia tuli.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Najua."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini najua."

"Aa!" Mwenyekiti akausogelea mdomo wa kipaza sauti kana kwamba anamnong'oneza kila msikilizaji peke yake. "Basi, wananchi, mmesikia wenyewe. Hakuwepo, hakuona, ila anajua. Leo Kipaza naye ametuletea 'inasemekana'. Jamani, kura hizi zitatufikisha wapi?"

Mwingine angecheka, akanywa maji, akaendelea. Kipaza damu ilimpanda kichwani. Miaka yote hiyo anajenga jina, leo mtu mwenye tumbo lake anakuja kujipangusia miguu juu yake mbele ya mji mzima?

"Inasemekana? Mimi?" Akapiga meza. "Wewe ulisimama juu ya paa lile na mwavuli wako mwekundu! Ukaambiwa zege linaharibika, kazi isimame. Ukajibu, 'Mvua haijawahi kula nyumba, mwageni!' Hiyo nayo inasemekana?"

Kule mtaani watu walishangilia, kelele zikapanda hadi dirishani. Kipaza alitegemea kumwona mwenyekiti akihangaika kutafuta jibu. Hakuhangaika. Aliegemea kiti chake kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza.

"Ahsante," akasema. "Mimi sina swali lingine."

Hapo ndipo Kipaza alipokumbuka kiapo chake. Mji mzima ulikuwa umesikia ushindi. Mwenyekiti alikuwa amesikia jina la mtu.

Mwenyekiti alimngoja ukumbini, karibu na ngazi, mdahalo ulipokwisha.

"Pale juu tulikuwa watatu," alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa. "Mimi sikukwambia. Mkandarasi ni mkwe wangu, na ana akili zake. Amebaki nani?"

Kipaza akaielekea ngazi, mwenyekiti akamzibia njia.

"Umesema nondo zimepungua. Vizuri. Nondo zilikuwa mikononi mwa nani? Msimamizi. Kesho polisi wanaweza kumuuliza amezipeleka wapi, na mkandarasi atakuwa shahidi. Au kesho asubuhi unaweza kukaa kwenye kiti chako, ukasema ulidanganywa, ukaomba radhi, na mimi nikasahau. Chagua, dada yangu."

"Una roho mbaya wewe."

"Mimi? Mimi sikufungua mdomo."

Akashuka ngazi akisalimiana na watu. Fundi mitambo alitoka chumbani kwake, akamtazama Kipaza, akarudi ndani.

Mchana huohuo Kipaza alikwenda kwa mdogo wake. Hakupiga hodi, hakuwahi kupiga hodi nyumba ile. Mdogo wake alikuwa anakunja nguo za watoto kwenye mkeka, redio iko dirishani, imezimwa. Shemeji amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, anatazama viganja vyake.

"Karibu, mheshimiwa," mdogo wake akasema, na neno hilo lilimkata Kipaza vibaya. "Tumekusikia. Majirani wamekuja kutupongeza. Wanasema dada yako kampiga mwenyekiti chini chali!"

"Mdogo wangu, niliteleza."

"Hukuteleza. Ulichokozwa. Mtu akikuchokoza wewe, unamwaga hata usichopewa umwage. Ulishindwa kumeza mate tu, dada? Mara moja katika maisha yako?"

Kipaza akaeleza yaliyosemwa ukumbini. Alipofika kwenye habari ya polisi, mdogo wake aliliachia shati alilokuwa nalo mkononi.

"Basi kesho utasema ulidanganywa."

"Na wodi?"

"Wodi!" Akasimama. "Wewe utapata wodi nyingine ya kupigia kelele. Mimi mume mwingine nitampata wapi? Wanangu baba mwingine nitawatolea wapi? Mdomo umeponza kichwa, sawa, lakini kwa nini kiwe kichwa cha mume wangu?"

Kipaza akageuka. "Shemeji, nawe sema neno."

Shemeji alifuta viganja vyake kwenye suruali. "Nilikuomba nisionekane," akasema hatimaye. "Sasa naonekana. Sina la kuongeza, shemeji. Fanyeni mnavyoona."

Hakuinua macho. Kipaza angependa mara mia atukanwe. Aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, akasema, "Kesho nitayazoa," akatoka upesi kabla hajaulizwa lini maji yaliyomwagika yamewahi kuzoleka.

Asubuhi yake alikaa kwenye kiti. Fundi mitambo akampa ishara kwamba yuko hewani. Kipaza hakusema sharti lake siku hiyo.

"Jana nilisema maneno juu ya wodi mpya," akaanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwenyewe hakuitambua. "Sikuyaona kwa macho yangu. Nilidanganywa. Paa lile halina tatizo ninalolijua mimi. Namwomba radhi mwenyekiti, nawaomba radhi nyinyi."

Amemaliza. Ilichukua muda mfupi kuliko tangazo la sabuni. Nyuma ya kioo fundi mitambo alitoa ile njiti mdomoni, akaitazama, akaiweka mezani.

Simu zikaanza kuingia, maana kila asubuhi wasikilizaji hupiga na kusema yao. Kipaza alikuwa amejiandaa kwa matusi. Lo, laiti wangemtukana! Mpigaji wa kwanza, muuza viatu wa sokoni, alisifu mpaka akakaribia kulia.

"Ni wangapi wanaokiri kosa hadharani? Nani? Ndiyo maana sisi tunakuamini. Ungesema uongo ungekuwa bubu saa hiyohiyo! Kura yangu unayo."

Wa pili alisema vilevile, kwamba sasa roho imetulia, Kipaza akishasema jambo limekwisha. Na kila sifa ilimwingia kama mwiba chini ya ukucha, kwa sababu alianza kuona alichokifanya. Angekuwa mropokaji wa kawaida, nani angejali maneno yake ya leo? Lakini mji huu aliufundisha mwenyewe kumwamini, na leo alikuwa ameuongoza wote kuingia chini ya paa lile.

Simu ya tatu ilikuwa ya mwanamke kijana, anahema kidogo anapozungumza.

"Shikamoo, dada Kipaza."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mimi mimba yangu imetimia, wakati wowote sasa. Jana baada ya kukusikia nilikataa wodi mpya, nikagombana na mume wangu mpaka kwa mama mkwe. Nikawaambia Kipaza hasemi asichokijua. Sasa leo umetutuliza, na nashukuru, maana hospitali ya zamani ni mbali na miguu yangu imevimba. Lakini moyo unanienda mbio, sijui kwa nini. Niambie wewe kwa kinywa chako, nami nitatulia. Niende?"

Kipaza alijua anachotakiwa kusema. Lilikuwa neno dogo. Nenda. Mtoto wa miaka miwili analiweza. Alimwona shemeji kwenye kigoda chake. Aliwaona wapwa zake, yule mdogo anayelala na kiatu cha baba yake kifuani. Akatafuta uchochoro: amwambie akamuulize daktari, amwambie amtegemee Mungu. Alijua kwamba lolote atakalosema lisilokuwa hapana, binti huyu atalisikia kama ndiyo, na Jumamosi atapanda kitanda akalala chali akilitazama dari lile.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

Kule ofisini kwake mwenyekiti alikuwa anasikiliza, hilo halikuwa na shaka. Mdogo wake naye alikuwa anasikiliza.

"Usiende," Kipaza akasema.

"Eeh?"

"Usiende, mdogo wangu. Wala wewe, wala mwenzio yeyote. Tafuta gari, nenda hospitali ya zamani leoleo. Niliyoyasema jana ni kweli. Ya leo nimeyasema kwa woga, kuna mtu nilitaka kumwokoa. Nondo hazitoshi na zege lilinyeshewa, na mwenyekiti alikuwepo. Msiingie pale."

Simu ya mezani ikaanza kulia palepale, na ya fundi mitambo, na ya mkononi. Fundi mitambo hakugusa hata moja, wala hakumtoa hewani. Kipaza akavua visikizi vya masikioni, akashuka ngazi mbiombio. Mtaani watu walikuwa wamesimama makundi makundi, kinyozi mmoja akamwita, muuza viatu akamshika mkono, akamkwepa. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu, afike kwa mdogo wake kabla ya polisi. Alikimbia na viatu vyake vya kazini mpaka kimoja kikachomoka, akakiacha.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni. Redio ilikuwa inasikika ndani, sasa inapiga muziki tu.

"Wameshafika?" Kipaza akauliza, pumzi zimemwishia.

"Wameshaondoka naye. Gari lao lilikuwa linangoja pale kona tangu asubuhi."

Kipaza akashika ukuta.

"Yule binti alipouliza niende," mdogo wake akasema, macho makavu, "mume wangu aliacha chai yake, akawa anaitazama redio. Mimi niliomba, dada. Niliomba Mungu akufunge mdomo. Ulipomwambia asiende, alishusha pumzi ndefu, sijamsikia akishusha pumzi namna ile tangu paa lile limwagwe. Akaenda kuvaa viatu. Akafunga kamba zake vizuri, akarudi akakaa kuwangoja. Walipofika akawaambia hakuna haja ya kumshika, anakwenda mwenyewe, na huko atasema yote, kuanzia mvua hadi mwavuli."

Kipaza alikuwa analia waziwazi, hajali wapita njia. "Niruhusu niingie. Nikae na watoto, wewe umfuate."

"Alisema nikukaribishe. Neno la mwisho kabla hajapanda gari: dada yako akija, mkaribishe ndani." Mdogo wake alikuwa bado ameweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Lakini mimi si yeye. Leo siwezi, dada."

Akaurudisha mlango polepole, kwa sababu mtoto mdogo alikuwa amelala.