Blanketi la Rubeni

Bertha alidai kwamba Secilia alipewa maziwa ya mradi, mfuko mzima, akaupeleka gulioni na kurudi na miche miwili ya sabuni. Alisema alimwona kwa macho yake, na ndiyo sababu mtoto wake, Rubeni, amevimba miguu. Aliyasema hayo kwenye foleni ya unga wa njano, mbele ya duka la kijiji, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua.

“Basi huyo mtoto akilia atatoa povu,” mwanamke mmoja akasema, na foleni ikacheka.

Klara alikuwa wa tisa kutoka mlangoni. Hakucheka, lakini hakumtetea Secilia. Yeye ndiye aliyegawa maziwa ya mradi hapo Kwemsambia. Kila mfuko ulitoka mikononi mwake, na kila mama aliyepokea aliweka dole gumba kwenye daftari. Secilia hakuwahi kuweka dole. Hakupewa hata kijiko, kwa kuwa kadi ya Rubeni ilionyesha mtoto anaongezeka. Na kadi hiyo aliyeiandika ni Klara.

Alitoka kwenye foleni. Bertha akamuuliza kama kwao wameshiba.

“Nishikie nafasi, mama,” Klara alisema, ingawa mwaka ule wa njaa hakuna aliyemshikia mwenzake nafasi.

Alipita kwao kuchukua mizani, akaanza kupanda mlima.

Mradi ulikuja miaka miwili nyuma. Mkutanoni walielezwa kwamba madaktari wanataka kuwafuata watoto tangu wanazaliwa hadi wawe watu wazima, miaka ishirini, wajue kama njaa na maradhi ya utotoni hubaki mwilini: kwenye kimo, kwenye moyo, kwenye akili ya darasani. Walitaka msichana aliyemaliza la saba, mwenye mwandiko mzuri na asiyekuwa na haraka. Klara alichaguliwa. Alikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, kadi na watoto mia na arobaini wa kupima kila miezi mitatu. Mtoto ambaye mstari wake wa uzito kwenye kadi ulishuka mara mbili mfululizo alipata maziwa.

Sharti lilikuwa kupima mtoto akiwa uchi. Lakini kipupwe cha kwanza, ukungu ukiwa umelala hadi saa tano, mtoto wa mama mmoja, Paskalina, alivuliwa nguo akapimwa, na wiki nzima akakohoa. Alipona. Hata hivyo wanawake walisema mizani ile inakula joto la watoto, na zamu iliyofuata watoto thelathini hawakuletwa. Ndugu Alfred, msimamizi wa mradi, alikuja na pikipiki akamwambia kwamba waliomaliza la saba na kukaa bure nyumbani ni wengi, idadi ikipungua tena atamtafuta mwingine.

Ndipo Klara alipoanza kuwapima na blanketi. Hakuna aliyemfundisha. Alipima blanketi la kwao, kavu, akapata robo tatu ya kilo, na robo tatu hiyo akaipunguza kwenye uzito wa kila mtoto. Wanawake walirudi wote. Siku zile aliona ametumia akili.

Secilia alikuwa jikoni, akipepea moto wa kuni mbichi. Mume wake, Kornelio, alikuwa akichuma chai huko Kwamkoro na tangu Pasaka hakuwa ameleta habari. Klara aliomba kumpima Rubeni, hapo hapo karibu na moto, bila nguo. Secilia hakuuliza kwa nini. Alimfungua mtoto: blanketi la juu, kitenge, kipande cha koti la Kornelio, halafu blanketi jingine. Ndani mle Rubeni alikuwa mdogo kuliko Klara alivyomkumbuka. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Hakulia alipotiwa kwenye mizani iliyotundikwa kwenye boriti. Klara angefurahi kama angelia.

Kilo sita na nusu. Kwenye kadi, mwezi wa sita, aliandika nane na robo.

Akapima nguo peke yake, zikiwa na unyevu wa ukungu kama zilivyokuwa siku zote. Kilo mbili na nusu. Aliangalia tarehe za nyuma. Alikumbuka kwamba mwanzoni Rubeni alikuja na blanketi moja, baadaye na kitenge juu yake, mwishoni na koti. Kadiri mtoto alivyokonda ndivyo alivyosikia baridi, na mama yake akamwongezea nguo. Na kila nguo iliyoongezwa iliupandisha mstari.

“Amefika ngapi?” Secilia akauliza.

“Nitakuletea maziwa, dada,” Klara alisema. “Leo leo.”

Ofisi ya Alfred ilikuwa mwendo wa saa nzima. Klara alimwamkia shikamoo, akabaki amesimama, akaeleza yote. Alfred aliinuka akafunga mlango. Aliuliza ni wangapi waliopimwa hivyo.

“Wote, ndugu. Tangu mwaka jana.”

Alfred alivua miwani akaifuta kwa shati. Nyuma yake mifuko ya maziwa ilikuwa imepangwa hadi kwenye dirisha.

“Karatasi zimeshakwenda Dar es Salaam,” alisema. “Ukisema hili wanafuta watoto mia na arobaini. Wanakifuta kijiji. Mimi na wewe tunafutika wa kwanza.”

“Mfuko mmoja tu. Mtoto ni mmoja.”

“Nikitoa mfuko niandike nini? Mstari wake unapanda.”

Hakufoka. Alimweleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba utafiti ni wa miaka ishirini, na kosa dogo humezwa na hesabu kubwa. Mwezi wa tisa amvue nguo ampime, mstari utashuka. Mwezi wa kumi na mbili utashuka mara ya pili. Hapo atapata maziwa kihalali. Alihesabu miezi hiyo kwa vidole. Kisha akasema kama hali ni mbaya, mama ampeleke hospitali Bumbuli, hospitali iko pale kwa ajili hiyo. Akamfungulia mlango.

Njiani Klara alijiuliza kama kweli alikwenda kumwombea Rubeni, au alikwenda ili mtu mwingine amwambie kwamba hana la kufanya. Alikuwa ameomba mara moja tu. Hakupiga magoti, hakugusa mfuko, na alipoambiwa atoke alisema asante.

Secilia alimwona akirudi mikono mitupu. Klara alimweleza, bila kuketi: kwamba alimpima mtoto na nguo, kwamba kadi si kweli, kilo zake ni sita na nusu, kwamba maziwa yalikuwa yake tangu mwezi wa tatu.

Secilia alichukua muda mrefu kulikunja lile blanketi la juu.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunika,” alisema.

“Hapana, dada. Ulikuwa huna budi kumfunika. Kosa ni langu.”

“Nilimfunika asipate baridi.”

Secilia alimwosha mtoto uso, akamfunga mgongoni, akatia viazi viwili vya kuchemsha kwenye kikapu. Bumbuli ilikuwa mbali, na jua lilikuwa limeshapita utosi. Akaitoa kadi chini ya godoro, akaifuta majivu kwa kanga.

“Wataiangalia hii,” alisema. “Mwezi wa sita mtoto kilo nane na robo, leo sita na nusu. Watafikiri nimemtupa. Watanifokea mbele ya watu, na mimi hesabu hizi siwezi kuzieleza.” Alimtazama Klara, si kwa hasira. “Twende wote, mdogo wangu. Ukawaambie wewe.”

Jumatatu, keshokutwa, ilikuwa zamu ya kupima kitongoji cha chini, na Alfred alishasema atakuja mwenyewe kusimamia; asipomkuta, au akisikia yaliyosemwa Bumbuli, atamtafuta mwingine. Klara alishika mkanda wa mizani begani. Secilia alikuwa tayari amevuka kizingiti, amegeuka, anasubiri jibu.