Mtoa Habari Namba Nne

Profesa Rénovat alilifuta jina la Sijaona, mtunga nyimbo, kwa kalamu nyekundu mara kumi na saba, kisha akamsukumia Asiya tasnifu yake mezani kama mtu anayerudisha sahani chafu.

"Hii ni sayansi, binti. Waliokupa nyimbo wanapewa namba. Huyu ni Mtoa Habari Namba Nne. Hutaki, sitatia saini, na bila saini hutetei."

Damu ilimpanda Asiya kichwani. Miaka minne ya isimu na fasihi, na huyo ndiye msimamizi wake, hana mwingine. Sijaona wa mtaa wa Buyenzi alikuwa akitunga nyimbo za harusi tangu Asiya hajazaliwa. Alikaa saa sita mbele ya simu ya Asiya akirekodiwa, na kabla ya kuanza aliuliza jambo moja tu: "Jina yangu itatoka?" Asiya akamwapia kwamba litatoka. Sasa hebu niambie, namba nne ni jina la nani?

Tena kuna jambo ambalo Profesa, pamoja na vyeti vyake vyote, hakulijua. Kwenye harusi za Buyenzi mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho. Asipojitaja, wanawake hawapigi makofi, kwa sababu wimbo wa namna hiyo huenda umeibwa.

Asiya alibisha wiki tatu nzima. Wiki ya nne akainamisha kichwa, akaandika namba popote palipokuwa na jina, akapata saini. Wenzake walidhani amenywea. Hawakumjua.

Siku ya kutetea, ndugu zake walikuja na makasha ya Fanta ya kumpongezea, na nyuma yao wanawake wa Buyenzi wamevaa vitenge vya sare, Sijaona katikati. Mwenyekiti wa jopo, Madamu Carmen, akamwomba atoe mfano wa wimbo mmoja. Asiya akauimba kama tasnifu ilivyoandikwa, neno kwa neno:

Bwana harusi wa Kinanira,
viatu vyang'aa, roho ina vumbi.
Aliyesema ni Mtoa Habari Namba Nne,
wa kununa na anune.

Hakuna aliyepiga kofi. Wanawake walitazamana. Sijaona akauliza kwa sauti kavu, "Huyo Namba Ine ni nani? Mi simujui."

Kicheko kikapita ukumbini. Hata kwenye jopo kuna aliyejifanya anakohoa. Profesa akainua mkono kuwanyamazisha, lakini Asiya alishaanza kusema.

"Niliandika namba ili nipate saini. Nimeshaipata. Wimbo wenyewe ni huu." Akaurudia, safari hii na jina la Sijaona mahali pake. Makofi yakajaa ukumbi, na vigelegele juu yake.

Madamu Carmen alingoja kelele ziishe. "Jina litarudi kwenye kurasa zote," alisema. "Lakini umemhadaa msimamizi wako. Ama umwombe radhi sasa hivi, ama tupunguze alama tatu, na hapo daraja la juu utalikosa."

Asiya alilitaka daraja lile. Ndilo lingembakisha chuoni afundishe.

"Zipunguzeni, Madamu," akasema. "Nina mtu mmoja tu wa kumwomba radhi, na ameketi pale nyuma."

Akafaulu, bila daraja la juu. Fanta zikafunguliwa uani. Sijaona akatunga wimbo wa pongezi palepale, akamtaja kila mtu kwa jina: Asiya, baba yake Yahaya, Madamu Carmen, hadi mlinzi wa getini. Profesa Rénovat, chupa mkononi, akasogea karibu kungoja zamu yake. Ilipofika, akaimbwa Mtia Saini Namba Moja.

"Mama, mbona mimi hukunitaja jina?" akauliza.

"Ni sayansi, Profesa," Sijaona akamjibu, kisha akaingia ubeti wa mwisho, ule wa kujitaja.