Paspoti Ndani ya Bitana

Milango ya kioo ilijifungua yenyewe, na Pini akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa amewahi kukutana na mlango wenye adabu kiasi kile. Ndani, ukumbi wa uwanja wa ndege ulikuwa mkubwa hata shomoro walikuwa wakiruka chini ya paa kama wako porini, na sakafu iling'aa mpaka ukijitazama unaona umesimama juu ya nyayo zako mwenyewe. Kundi zima la shule, lililokuwa likipiga kelele kwenye basi kama kuku waliomwona mwewe, likanyamaza. Hata Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alibaki mdomo wazi.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Pini akamnong'oneza.

"Humu hakuna nzi. Nzi gani ana nauli ya humu?"

"Paspoti mkononi, wanangu," mwalimu wao akasema, foleni ilipofika kaunta. "Asiye nayo tutaagana naye hapahapa."

Pini akapapasa koti lake. Paspoti alikuwa nayo, tena alikuwa nayo mno. Mama yake, ambaye kazi yake ni kushona midomo ya magunia kwenye kiwanda cha unga, alikuwa ameitia ndani ya bitana ya koti, akaishonea humo kwa mkono, kwa uzi uleule wa magunia. "Mwizi akiitaka, abebe koti na wewe ndani," alisema, na nyumba nzima ikamsifu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa paspoti huombwa.

Dada wa kaunta akanyoosha mkono. "Paspoti, mdogo wangu."

"Ipo, dada. Hebu gusa hapa."

"Mimi sisomi kwa kugusa."

Redio akacheka peke yake. Makasi hayakuwepo, kila chenye makali kilibaki kwa askari mlangoni. Mwalimu akavuta uzi, mshono ukakaza. Redio akaung'ata, akashika shavu.

"Mama yako ameshona au amechomelea?"

"Kaunta inakaribia kufungwa," dada akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Pini zaidi. Mwaka mzima ameiota safari hii, na sasa wenzake wangepaa, yeye arudi nyumbani amevaa paspoti.

Mwalimu akashika uzi tena.

"Usivute, mwalimu. Tafadhali."

Pini akafumba macho, akaviachia vidole kazi. Likizo ngapi ameketi kiwandani akimtazama mama? Mshono wa gunia una pa kuanzia na pa kumalizia. Ukivuta pa kuanzia, utavuta mpaka meno yaote mvi. Pa kumalizia, mama huacha kijimkia cha uzi. Vidole vikatambaa ubavuni, vikapanda, vikakikuta kimejificha chini ya kwapa. Pini akakichomoa kwenye kitanzi cha mwisho, akavuta taratibu.

Trrrr. Mshono wote ukafumuka kwa mvuto mmoja, na paspoti ikamwangukia kiganjani, imetapakaa vumbi jeupe.

Dada wa kaunta akaipangusa kwa kidole, akakitazama kile kidole. "Unga?"

"Wa kwetu, dada."

"Haya. Safiri salama, wewe na unga wako."

Pini alikuwa bado ameuzungusha ule uzi kwenye kidole pale ndege ilipoanza kukimbia. Ilikimbia kama kitu kilichochoka kuvumilia ardhi, kiti kikamsukuma mgongoni, kisha mtikisiko ukakoma ghafla. Akachungulia. Barabara waliyopitia ilikuwa imelala kama uzi ulioanguka sakafuni. Malori yalikuwa punje. Watu hawakuonekana kabisa, na hilo ndilo lililomshangaza: watu wote wale, na kelele zao zote, wametoweka.

Kisha akaliona. Paa moja jeupe kati ya mapaa ya kutu, jeupe kwa vumbi la unga la miaka, dogo kama ukucha.

"Redio. Lile pale ni paa la kazini kwa mama."

Redio akamwegemea, akatazama. Akabandika pua kwenye kioo.

Chini ya ukucha ule mtu fulani alikuwa akifunga mdomo wa gunia na kuacha kijimkia. Ndege ikaingia mawinguni, dirisha lote likawa jeupe, na Pini, bila kufikiri, akajipangusa nyusi kwa kiganja kama mama yake anavyojipangusa unga akitoka kazini.