Kijiko Kimoja cha Karanga

Mtaani walimwita Mkunga hata baada ya kustaafu, maana nusu ya watu waliopishana naye njiani aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe. Aliishi na mkwewe, mjane wa mwanawe wa pekee, fundi cherehani aliyeshonea barazani mwa nyumba. Mwana alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Hakuna aliyemwambia mjane aondoke, na mjane naye hakuwaza kumwacha mama peke yake. Waliitana "mama" na "mwanangu", na hawakuwa wanaigiza.

Kisha akatokea fundi saa.

Alikuwa mwanamume mpole, mwenye duka dogo kona ya barabara kuu, mkabala na zahanati. Mkwe alimpelekea saa ya marehemu mumewe ibadilishwe mkanda. Wiki ya pili akaipeleka tena, eti inachelewa. Wiki ya tatu ikawa eti inawahi. Mkunga hakuwa mtoto. Alijua saa ile haina ugonjwa wowote.

Alinuna kimyakimya tu, kwa namna yake ya kuweka sufuria mezani kwa kishindo.

Siku ya wapendanao ilipofika, mkwe aliamka mapema akafunga kilemba, akaosha bakuli mara mbili, akafuta meza kwa maji ya moto na sabuni. Alipasua mche wa chokoleti nyeusi akauyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Akatia siagi, akatia maziwa mazito ya kopo, akakoroga kwa mwiko hadi mchanganyiko ukang'aa kama viatu vya askari. Akaonja, akatabasamu peke yake, akauacha upoe.

Pembeni, juu ya kiti, palikuwa na zawadi nyingine. Alikuwa ameshona kwa mkono mkoba wa kukunja wa mahameli ya buluu, mabaki ya gauni la mteja, wenye vifuko vyembamba kumi na viwili vya kutilia bisibisi ndogo na vibano vya fundi saa. Kila kifuko kilikuwa na upana wake. Inaonekana alivipima vyombo vya yule bwana kimoja kimoja.

Mkunga aliutazama mkoba ule kwa muda mrefu.

"Safari hii hutii karanga?" aliuliza.

"Hapana, mama. Yeye hali karanga."

"Hali karanga! Ana nini, meno?"

"Hali tu," mkwe akajibu, huku akinyoosha kamba ya kufungia boksi. Alikuwa na haraka. Mteja alikuwa amebisha barazani, gauni lake la arusi linambana kwapani na arusi ni kesho.

"Nenda kamwone," Mkunga akasema. "Mimi nitaviringa vidonge vya chokoleti."

Mkwe akamshukuru kwa macho, akatoka na sindano mdomoni.

Mkunga akabaki na bakuli. Kabla ya msiba, kila mwaka siku kama hii, binti huyuhuyu alikuwa akiviringa vidonge hivihivi kwa ajili ya mwanawe, vyenye karanga, kwa kuwa mwanawe alizipenda karanga kuliko wali. Na leo chokoleti ileile, bakuli lilelile, karanga tu ndizo zilizofukuzwa. Akafungua kabati, akatoa kopo la karanga za kukaanga, akatwanga kidogo kwenye kinu hadi zikawa unga. Kijiko kimoja. Akakitia, akakoroga. Akajiambia, aonje, akunje uso, ajue kwamba nyumba hii ina ladha yake. Hakuwaza zaidi ya hapo. Akaviringa vidonge ishirini, akavigaragaza kwenye unga wa kakao, akavipanga ndani ya boksi, akaosha kinu.

Saa tisa mkwe alioga, akavaa, akaenda kupeleka zawadi. Alirudi baada ya nusu saa, mashavu yamewaka.

"Ameupenda mkoba, mama! Ameanza kuvipanga vyombo papo hapo. Chokoleti amesema ataifungua saa kumi kamili akifunga kazi, ainywee chai. Unamjua, kila kitu kwa saa." Akacheka, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu. "Nilikuwa na hofu kweli asubuhi. Nimeifuta meza hii mpaka mikono ikachubuka. Unajua mwaka juzi alikaribia kufa? Shereheni. Kijiko cha mchuzi tu, kumbe umeungwa kwa karanga. Koo lilifunga kabisa, akalazwa siku tatu. Daktari akamwambia mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi."

Mkunga alikuwa ameshika sufuria. Hakuiweka chini.

Miaka thelathini wodini. Alikuwa ameyaona makoo ya namna hiyo, midomo iliyovimba, kucha zinazogeuka rangi. Aliangalia saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, na baadaye hakulikana hata mara moja: kwamba labda hataanza na kile chenye karanga nyingi, labda kijiko kimoja katika vidonge ishirini si kitu, labda hakuna atakayejua. Lilikaa kichwani mwake kwa muda wa pumzi mbili.

"Nimetia karanga," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye chokoleti. Ulipokuwa barazani."

Mkwe alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Hakupiga kelele. Alichukua simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Huiweka kwenye mtoto wa meza akiwa na kazi," akasema kwa sauti ambayo Mkunga hakuwahi kuisikia. "Hapokei. Mama, hapokei!"

"Kimbia. Mimi nakuja nyuma."

Mkwe akatoka pekupeku. Mkunga akamfuata. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu mwaka jana, na mtaa ule una mteremko wenye kokoto. Alikwenda akichechemea, mkono ukishika kuta za watu. Muuza mboga akamwita, "Mkunga, kuna mama anajifungua?" Aliendelea kuteremka. Kwenye kona akamwona mkwe anavuka barabara kuu bila kutazama kulia wala kushoto, dereva wa lori akimpigia honi na kumtukana.

Mkunga hakwenda dukani. Alivuka, akaingia zahanati moja kwa moja, akaipita foleni yote.

Muuguzi wa zamu alikuwa ni mmoja wa wale aliowafundisha. "Mama! Karibu, mbona—"

"Adrenalini. Bomba na sindano. Duka la saa hapo mbele, mtu amekula karanga. Sasa hivi, mwanangu, usiandike kitu."

Muuguzi akanyakua trei ya dawa. Walivuka pamoja, Mkunga akimng'ang'ania begani.

Ndani ya duka saa zote za ukutani zilikuwa zikigonga saa kumi, kila moja kwa sauti yake. Fundi saa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kaunta, mkono umeshika shingo. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Kila pumzi ilitoka na mluzi. Mkwe alikuwa amepiga magoti mbele yake, akirudia jina lake tu. Juu ya meza boksi lilikuwa wazi, na kidonge kimoja kimeng'atwa nusu.

"Aliwahi dakika tano!" mkwe akalia. "Saa ya meza inakwenda mbele!"

"Sogea. Mwanangu, mwache apumue." Mkunga alishuka chini bila kujali goti. "Bwana, nitazame mimi. Usifumbe macho. Miguu nyoosha."

Muuguzi akatayarisha dawa ile ya kufungua pumzi. Mkunga akamshika mkono, akauongoza. "Pajani, upande wa nje. Hapohapo juu ya suruali."

Sindano ikaingia. Wakangoja. Mkunga aliweka vidole kwenye mshipa wa mkono wa fundi saa, akahesabu kwa midomo. Mluzi ukaendelea. Ukaendelea. Midomo ya yule bwana ilikuwa na rangi ya majivu, na macho yake hayakumwacha Mkunga.

"Ya pili?" muuguzi akanong'ona.

"Andaa."

Lakini kabla ya ile ya pili, mluzi ukashuka, ukawa mzito, kisha pumzi moja ndefu ikaingia hadi chini. Akakohoa. Akavuta nyingine. Mkwe akalala kifudifudi sakafuni, akalia kama mtoto.

Wakamhamishia zahanati, akalazwa chini ya uangalizi. Jioni alipoweza kusema, Mkunga aliomba aingie peke yake. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Mkwe wangu hakukosea. Ni mimi niliyetia. Kwa makusudi. Sikujua kwamba ingeweza kukuua, lakini nilijua huli."

Fundi saa alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mwanangu alikuwa anakula."

Hakusema amemsamehe, na Mkunga hakuomba.

Nyumbani mkwe hakumsemesha kwa siku nane. Alipika, akampakulia, akampa dawa ya goti, kila kitu bila neno. Cherehani ilisikika kutwa nzima. Mkunga alifungasha nguo zake ili ahamie kwa dada yake, kisha akazitoa, maana kuondoka kungekuwa njia rahisi mno.

Siku ya tisa mkwe akasimama mlangoni.

"Kesho ana miadi hospitali kubwa. Anatakiwa kupewa sindano ya kutembea nayo, afundishwe kujichoma. Mimi nina kazi za watu. Utakwenda naye wewe."

"Amekubali?"

"Yeye ndiye aliyesema."

Walikaa kwenye benchi la mbao, namba thelathini na nne mkononi, na mwito ukiwa bado kwenye namba kumi na moja. Kisha fundi saa, bila kumgeukia, akauliza:

"Mwanao alikuwa mtu wa namna gani?"

Mkunga alishika ncha ya kanga yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo tangu siku ya mazishi. Akaanza na namna alivyozaliwa, matako kwanza, mbishi tangu tumboni, na namba yao ilipoitwa mara ya kwanza hakuna aliyeisikia.