Kichwa cha Nne

Mdogo wangu wa kike alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na vichwa vitatu. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mimi nimezunguka miaka mingi nikibeba mizigo na kufagia wodi za watu. Niliporudi uzeeni nikafikia kwake, na chumba kilikuwa kimoja chenye pazia katikati, basi nikavijua vichwa vyote.

Cha kwanza alikiita kilemba. Kinabana kichwa kizima, pande zote, kama kitambaa kilichokazwa mno, na shingo inakuwa ngumu. Hicho alishona nacho. Kilikuja akiinamia mashine kutwa, kikaondoka akijinyoosha na kupumzika.

Cha pili kipandauso, na hicho hakina mzaha. Kinashika upande mmoja, kinagonga kama nyundo, na kabla hakijaanza huona vimulimuli. Siku hiyo dirisha linafungwa, harufu ya mafuta ya mashine inamtapisha, nami nikikohoa tu nasikia nyuma ya pazia, "Kaka, wewe mtu au trekta?" Kesho yake anaamka mzima.

Cha tatu alijiletea mwenyewe. Alimeza vidonge vya maumivu kila siku, hadi vidonge vyenyewe vikawa ndivyo vinavyomuumiza. Nesi akamwachisha. Aliteseka siku kadhaa, kikaisha.

Sasa asubuhi moja kaamka kashika kichwa.

"Leo kipi?" nikamuuliza, kama kawaida yetu.

"Hiki sikijui, kaka. Kimeniamsha. Nikiinama kinazidi, nikikohoa ndiyo kinataka kupasuka."

"Cha nne hicho. Ukoo unakua."

Akacheka. Nami nikaenda kununua mkate.

Ukapita mwezi. Kila alfajiri anatapika hata kabla hajala, mchana anapata nafuu, nasi tunajidanganya. Alitaka kwenda hospitali kubwa. Nikamwambia, "Kwa kichwa? Watakucheka. Unacho tangu usichana wako. Kilemba kimemwoa kipandauso, basi." Nilifagia wodi, nikajiona daktari. Naye akanisikiliza, maana kaka ni kaka, hata akiwa kiguu na njia.

Kisha mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka, akarudisha blauzi. Aliitupa mezani hata salamu hakuna.

"Fundi, kola hii umeshona umelala?"

Nikaitazama. Mshono umeanza vizuri, ukapinda, ukaiacha kola kabisa ukaenda zake. Na huyu ni mtu aliyekuwa akishona anapiga soga na mteja, macho dirishani, mshono umenyooka kama rula.

Mdogo wangu akaupapasa kwa kidole. "Naona sindano mbili," akasema polepole. "Tangu wiki jana. Nimekuwa nafuata ya kulia."

Mwalimu alisahau blauzi. "Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Daktari wangu ninaye." Akanionyesha kwa kidevu.

Hospitalini, daktari mwenyewe, binti mdogo tu, alimmulika macho kwa kitochi, jicho moja, kisha la pili, akarudia la kwanza. Akaacha kuandika. Picha ya kichwa ilipotoka alitukalisha. Uvimbe, mahali ambapo kisu hakifiki. Macho yameshaanza kwenda.

"Na kama tungewahi?" nikauliza.

"Uvimbe, sijui. Macho tungeyapigania." Kisha akamwambia mdogo wangu, "Mama, kichwa cha zamani kikibadilisha tabia, kihesabu ni kigeni. Unakuja siku hiyohiyo." Alimwambia yeye, ila alikuwa ananitazama mimi.

Haoni tena. Wateja wamekuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, wanaongea kwa sauti ya chini kama vile na masikio yamekwenda. Asubuhi simuulizi tena kipi. Nampa beseni, namshika paji la uso, basi.

Jana aliiomba ile blauzi, mwalimu hakuja kuichukua. Nikamtungia uzi. Alifumua kola, akaishona upya kwa mkono, anapapasa, anajichoma, anaendelea. Kazi ya dakika kumi ikala asubuhi nzima. Akainyoosha juu ya magoti.

"Imenyooka, kaka?"

Ilikuwa imepinda kuliko ya kwanza.

"Imenyooka," nikasema.

Akatafuta mkono wangu, akaupata, akaupigapiga.

"Daktari wangu," akasema.