Atakayecheka Nitamshona Mdomo

Harufu ya ukumbi ule peke yake ilitosha kumchafua mtu roho. Bisi zilizokaangwa kwa mafuta ya juzi, zulia lililomwagiwa soda hadi linang'ang'ania viatu, na juu yake manukato ya watu waliokuja kuonekana. Kengele alimshika mumewe kiwiko, akamkalisha kiti cha pembeni ambako magongo yake yangepata pa kulala, naye akakaa. Filamu haijaanza, tayari anatafuta pa kutema mate.

Kengele si jina alilopewa na wazazi wake. Gereji nzima ndiyo iliyombatiza hivyo kwa sababu ya kicheko chake. Alikuwa mshonaji wa viti vya magari, ana kona yake, cherehani yake na marobota yake ya ngozi bandia, na akicheka huko kwenye kona, hata aliyelala chini ya lori upande wa pili anajua kuna neno limesemwa. Mumewe, fundi wa breki, naye walimpa lake: Bwana Kola. Mtu anatoka uvunguni mwa gari ana grisi mpaka kwenye nyusi, lakini kabla hajakusalimu lazima anyooshe kola ya ovaroli kwa vidole viwili, atazame kushoto, atazame kulia, utadhani anaingia kwenye harusi yake mwenyewe. Kola hiyo ndiyo iliyomchekesha Kengele siku ya kwanza, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Bwana Kola arudi kesho yake na kesho kutwa, mpaka wakaoana.

Halafu wakaja hao watu wa filamu. Walikuwa wanatengeneza kichekesho cha mbio za magari, zile za magari ya kawaida yaliyopakwa rangi na namba kubwa ubavuni, yanazunguka uwanja wa udongo huku yanagongana matako. Mchekeshaji wao mkuu, maarufu wa kujaa mabango, alikuwa anaogopa hata kurudisha gari nyuma. Wakamtaka mtu wa kuendesha badala yake. Bwana Kola akavaa ovaroli ya njano, akaendesha. Mzunguko wa mwisho gari likapinduka. Akatoka mzima, akasimama, akajipangusa vumbi. Tairi lililochomoka lilikuwa limepanda tuta la pembeni, na hakuna aliyeliona linarudi. Lilimpiga kwa nyuma, nyonga ikavunjika, na mguu wa kushoto tangu siku hiyo ni wa kuburuta.

Kamera ilikuwa inaendelea. Na Mwongozaji, laana ile yenye skafu shingoni wakati watu wanakufa na joto, akaitia ajali ndani ya filamu.

Walimfuata ofisini kwake wote wawili. Bwana Kola, ambaye hana tabia ya kuomba, alisema neno moja tu.

"Sitaki binti yangu aje anione hivyo, na watu wanacheka."

"Kaka, mimi si mnyama," Mwongozaji akajibu, mkono kifuani. "Lakini bosi wangu ni mtazamaji. Tutawaonyesha watu kwanza. Wakicheka, inabaki. Wasipocheka, naikata kwa mkono wangu mwenyewe."

Unasikia maneno hayo? Nyonga ya mtu inapigiwa kura kwa meno! Kengele alitoka pale kifua kimejaa nyongo, ila kichwani tayari alikuwa na mpango. Watu wa gereji walikuwa wamealikwa wakae safu za mbele, kwa kuwa ndio walioazimisha yale makopo ya magari. Akawakusanya kwenye kona yake.

"Tairi likitokea, mtu asitoe hata pumzi. Mmenisikia? Atakayecheka nitamshona mdomo." Akanyanyua sindano ya viti, ile ndefu iliyopinda, wote wakaiona. Wakaapa.

Aliyemtilia shaka ni mmoja tu, shemeji yake, mdogo wake Bwana Kola, fundi wa kupaka magari rangi. Huyo ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Shemeji, wewe utakaa hapa ubavuni kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Aa, shemeji! Huyu si kaka yangu wa tumbo moja?"

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Taa zikazimwa. Na mambo yaliyofuata, Mungu atusamehe. Mchekeshaji alitapika ndani ya helmeti yake, akaitazama, akaivaa tena. Ukumbi ukalipuka. Bibi mzee akatumbukia ndani ya pipa la oili chafu, akaibuka hana meno. Watu wakapiga viti makofi. Mwanamume wa nyuma alikuwa anatafuna na kucheka kwa wakati mmoja, na vipande vya bisi vilivyolowa mate vikawa vinamwangukia Kengele shingoni. Alivipangusa kwa mkono, mkono ukamtia kinyaa, akaufuta kwenye kiti, kiti nacho kikamtia kinyaa. Hivi watu hawa wametoka kwenye nyumba zenye mama zao? Ukutani alisimama mtu wa mitambo, vinasa sauti vinaning'inia juu ya vichwa vya watu, na kila kicheko kikipanda, taa nyekundu kwenye chombo chake zinaruka. Mwongozaji alikuwa pembeni yake anazitazama taa hizo na kujilamba midomo.

Ndipo likaja gari la njano, lile la Bwana Kola. Kengele alimkamata shemeji yake mkono, akamfinya. Gari likabingirika, vumbi likatanda, likasindikizwa na tarumbeta moja la kipuuzi. Safu za mbele, kimya. Wa nyuma wakaanza kukohoa, wanasubiri, maana kicheko ni kama miayo, lazima aanze mmoja. Taa za kile chombo zikalala. Kengele aliziona zimelala, akamwona Mwongozaji amekunja uso, moyo ukamruka kwa furaha. Tumemweza, alijisemea. Tumemweza, mshenzi huyu!

Bwana Kola akatokea dirishani mwa gari, akajivuta, akashuka. Akasimama. Alisimama kwa miguu yote miwili, mabega yamekaa sawa, kama Kengele alivyokuwa anamwona kila asubuhi, na hajamwona hivyo tena tangu ajali. Akajipangusa mapaja. Kisha, katikati ya moshi na vumbi, gari liko matairi juu, vidole viwili vikapanda polepole hadi kwenye kola. Akainyoosha. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

Kengele alisahau. Alisahau ukumbi, alisahau sindano, alisahau tairi. Alimwona mume wake, basi, na kicheko kikamtoka chote, kile kile cha kona ya cherehani, kirefu, cha raha. Tairi likafika kicheko kikiwa bado kinapanda.

Ukumbi mzima ukamfuata. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wa nyuma yake akapaliwa, mmoja akapiga kelele "Rudia!" Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa ngumi, machozi yanamtiririka, na hakuwa anacheka. Aligeuka akamtazama Kengele.

Taa zilipowashwa Mwongozaji alikuja mbio, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, umeniokoa! Nilidhani pale pamekufa. Basi mtazamaji amesema, au vipi?"

Kengele alijichomoa, akatoka kwa mlango wa pembeni, akafika kwenye mapipa ya taka, akatapika. Magongo yakaja taratibu nyuma yake. Mumewe akamshikia mtandio usichafuke.

"Baba watoto, sikucheka tairi."

"Najua."

"Haki ya Mungu. Nilicheka kola."

"Najua, mama watoto."

Vijana wawili walitoka ukumbini. Mmoja akasimama, akanyoosha kola, kushoto, kulia, mwenzake akaja kwa nyuma akampiga kumbo la nyonga, wakaangukiana kwa kicheko. Wakampisha mlemavu wa magongo, shikamoo mzee, wakaenda zao. Hawakumtambua.

Asubuhi Kengele alimvalisha mumewe shati, maana vifungo na magongo haviendi pamoja. Alipofika juu, mkono ukaenda wenyewe kwenye kola. Bwana Kola akaushika, akaushusha taratibu.

"Iache hivyo hivyo," alisema.

Ilikuwa imejikunja upande mmoja. Akachukua magongo yake, akaenda kazini.