Jiwe la Mushagalusa

Kila Ijumaa jioni Adrien alikuja mtaa wa Guildford kumjulia hali shemeji yake Léonie, na kila Ijumaa Léonie alimkabidhi bahasha. Ketsia, binti wa Léonie, aliiona mara ya kwanza wiki ya tatu baada ya kumzika baba yake, Mushagalusa. Adrien, baba yake mdogo, aliitia mfukoni bila kuifungua, kama mtu aliyezoea.

Tangu siku hiyo Ketsia alimwandalia chai kwa kinyongo. Mama yake aliogesha wazee wa watu zamu mbili kwa siku, mgongo haunyooki tena. Na huyu, aliyepunguziwa kazi bandarini Botany, ghafla ana viatu vipya.

"Mama, unamlipa nini?"

"Ni mambo ya wakubwa."

"Nina miaka ishirini na sita!"

"Na hujaolewa. Kamata sahani hizi."

Jumatatu, alipotoka kazini kwenye ghala la Smithfield, Ketsia alipita kwa mchonga mawe ya makaburi, ambako Adrien alisema analipia jiwe la kaka yake. Alijiandaa kusikia kwamba hata senti moja haikufika. Mchongaji akafungua daftari: jiwe la Mushagalusa lilikuwa limebakiza malipo ya mwisho tu. Ketsia aliona aibu. Kisha akaonyeshwa maneno yatakayochongwa, akayapiga picha.

Nyumbani, alipomsimulia, mama yake alicheka. "Ulidhani anakula? Adrien hawezi kula feza ya kaburi. Kwetu mjane hamjengei mume kaburi na ndugu wa mume yupo hai. Watasema ukoo umekufa. Basi mimi natoa, yeye anapeleka. Hata viatu nilimnunulia mimi, asimame vizuri mbele ya watu."

"Haya, soma, Mama."

Léonie aliishika simu mbali na macho. Jina la mumewe. Tarehe. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: KABURI LIMEJENGWA NA MDOGO WAKE ADRIEN KWA JASHO LAKE.

Birika la umeme likajizima, naye akamrudishia Ketsia simu.

"Niliazima mikono yake," akasema. "Jasho ni langu. Kesho unipeleke, kabla hawajachonga."

"Tuandike jina lako?"

"Weye! Kwani nimekufa? Waandike baba yako tu."

Ijumaa Adrien alikunywa chai, akamaliza, akangoja. Macho yake yalikwenda mezani, yakarudi. Léonie akamsogezea stakabadhi ya malipo ya mwisho, iliyoandikwa jina la Léonie mwenyewe.

"Imekwisha, shemeji," akasema kwa upole. "Siku ya kusimamisha jiwe uje na viatu vyako."